Jawabu kwa Wanaosema "Mpaka Atake Mwenyewe"

Hapana kauli iliyotulia vinywani mwa watu wa mji wa Arusha na wa vijiji vya mteremko wa Mlima Meru, kila litajwapo jina la kijana aliyetekwa na unga au la baba aliyetekwa na gongo, kama hii isemayo kwamba mtu wa namna hiyo hasaidiki mpaka atake mwenyewe. Huisema mzee wa ukoo kule Akeri, huisema mchuuzi wa soko la Kilombero, huisema mwendesha bodaboda wa Sakina, na naam, huisema hata mtu wa dini na mtu wa tiba, ambao kwa kazi zao tulitaraji waseme jingine. Husemwa kwa upole, na anayeisema huonekana amenena hekima. Msikilizaji huinamisha kichwa, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mahindi au kuchelewa kwa masika, na yule aliyetajwa akaachwa pale pale alipokuwa. Nimeisikia misibani na nimeisikia harusini, hata nimeona kuinyamazia ni kushiriki katika madhara yake. Maana naitakidi kwamba kauli hii, pamoja na heshima yote iliyovishwa, ni batili katika asili yake na dhalimu katika matumizi yake, na kwamba imekwisha kuwatangulizia kaburi watu ambao wangaliweza kuwa hai hivi leo.

Insafu inanitaka nianze kwa kukiri kilicho kweli ndani yake, kwa kuwa kauli isiyo na chembe ya ukweli haidumu vinywani mwa watu wazima. Ni kweli kwamba hakuna awezaye kuacha pombe kwa niaba ya mwenziwe, kama vile hakuna awezaye kufunga saumu kwa niaba ya jirani yake mzima wa afya. Na ni kweli kwamba tiba ya mtu anayeipinga siku zote, leo na kesho na keshokutwa, haifiki mbali. Hayo nayakubali. Lakini kutoka hapo wenzetu huruka hadi neno jingine lisilofuatana na hilo hata kidogo, nalo ni kwamba nia hiyo sharti iwepo, tena iwepo kamili, tena iwe imezaliwa ndani ya mtu peke yake bila ya mkono wa mwingine, kabla sisi hatujapaswa kuinuka tulipoketi. Kwa hiyo ugomvi wangu nao hauhusu kama nia inahitajika. Ugomvi wangu nao ni juu ya mahali nia inapotoka, na juu ya nani anayepaswa kumfuata mwenziwe.

Tuanze na hali ya huyo anayeambiwa atake. Mtu aliyezoea heroini kwa miezi au miaka, akikosa kipimo chake, ndani ya saa 8 hadi 24 huingia katika ile hali ambayo vijana wa maskani, kuanzia Dar es Salaam na Tanga hadi huku kwetu Ngarenaro na Unga Limited, huiita arosto: machozi na kamasi hutiririka, mwili hutetemeka baina ya baridi na jasho, tumbo huharisha, mifupa humuuma, na usingizi humkimbia usiku kucha. Mtu huyo anapoamka alfajiri hachagui baina ya wema na uovu. Yuko katika kutafuta namna ya kusimama kwa miguu yake. Na yule wa pombe, ambaye wengi wetu humdhania kuwa ana mzigo mwepesi zaidi, huenda akawa katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu mnywaji mkubwa wa miaka mingi akikata pombe ghafla bila ya uangalizi wa tabibu aweza kushikwa na degedege, na baina ya siku ya pili na ya nne akaweweseka, akaona visivyoonekana, moyo ukamwenda mbio, na asipopata dawa kwa wakati akafa. Basi yule mjomba anayesimama uani na kumwambia mpwawe, "Ungalitaka kweli ungaliacha leo hii," hajui kwamba ametoa nasaha ambayo, ikifuatwa barabara, yaweza kuua.

Tena si kweli kwamba mtu huyu hataki. Nimezungumza na watu wa hali hii kwa miaka mingi, na sijapata kumwona mmoja ambaye hakuwa ametaka kuacha, tena mara nyingi, tena kwa machozi. Taabu yake si uhaba wa nia. Taabu yake ni kwamba ana nia mbili zinazoshindana ndani ya kifua kimoja, na kwamba moja ina msaidizi ndani ya damu yake, ilhali nyingine haina msaidizi yeyote ila aibu. Muulize saa moja ya asubuhi, baada ya usiku wa fedheha, mtoto wake akimtazama, atakwambia ametaka. Muulize saa kumi ya alasiri, arosto imemshika na mwenziwe amemwonyesha kete, atakujibu jingine. Ipi kati ya nia hizi mbili ndiyo yake? Wenye kauli yao huichukua ile ya alasiri, wakaiandika kuwa ndiyo tabia yake, wakaitolea ushahidi mbele ya ukoo mzima kwamba "huyu hataki." Ushahidi huo ni wa nusu siku tu.

Mwezi Februari 2011, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, nchi yetu ilianza kuwatibu waraibu wa heroini kwa methadoni, dawa inywewayo mara moja kwa siku mbele ya mhudumu wa afya, izuiayo arosto bila ya kumlevya aliyekwisha kuizoea. Na huduma hiyo ikaenea baadaye hata mikoa ya kaskazini. Watafiti walipowafuatilia wagonjwa wa mwanzo wa Muhimbili ili wajue ni nani waliodumu katika tiba na ni nani walioitoroka, waliona pamoja na mambo mengine kwamba waliokuwa wakipewa kipimo kikubwa cha dawa walidumu zaidi kuliko waliopewa kidogo. Lau kudumu katika tiba kungalikuwa zao la uthabiti wa moyo peke yake, kipimo cha dawa kingalihusika nini? Je, miligramu chache zaidi ndizo zilizowaongezea watu tabia njema? Hasha. Zilichofanya ni kumnyamazisha yule adui wa ndani aliyekuwa akipiga kelele kila alfajiri, na kelele zilipotulia, ile nia ya asubuhi iliyokuwapo siku zote ikapata nafasi ya kusikika. Na wagonjwa wenyewe hawakuota hospitalini: kulikuwa na watu waliotumwa na vyama vya kijamii kwenda maskani, wakakaa nao chini, wakarudi kesho na keshokutwa, wakawaandikisha na kuwaleta. Wengi walikuja kwa sababu ya arosto tu, au kwa kuchoka kukimbizwa, au kwa kuwa rafiki yao alikuja. Azma ya kubadili maisha iliwakuta ndani ya tiba, wakiwa wamekwisha kuoga na kula na kulala.

Nageukia sasa ile kauli pacha, ambayo huja kila ya kwanza inaposhindwa, kwamba mtu sharti afike chini kabisa ndipo apate akili. Wapo wanaoitilia nguvu kwa methali zetu: sikio la kufa halisikii dawa, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mtoto akililia wembe mpe. Naziheshimu methali kama ninavyowaheshimu waliotuachia, lakini methali ni kauli ya mtu aliyeona jambo moja kwa wakati mmoja, nayo haikuwekwa iwe hati ya kumhukumu kila mgonjwa. Na sijui ni mkuu gani wa zamani aliyemwona mwanawe akizama katika Mto Themi akaketi ukingoni kungoja aguse mchanga. Hiyo chini wanayoisema iko wapi? Kwa mmoja ni kufukuzwa kazi; kwa wa pili ni kuuza shamba la kahawa aliloachiwa na babaye; kwa wa tatu ni jela ya Kisongo; na kwa wa nne, ambaye hatumsikii kamwe akitoa ushuhuda, ni kaburi. Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa hoja hii. Wanaosimama kanisani, msikitini au barazani kusema, "Mimi niliacha nilipofika mwisho," ni wale waliorudi kutoka huko mwisho, nasi twawashukuru. Waliofika mwisho ule ule wasirudi wamenyamaza, na ukimya wao haukuhesabiwa katika hesabu ya hekima hii. Na hata huyo aliyerudi, mwulize kwa taratibu, aghalabu utagundua kwamba siku ile anayoikumbuka ilitanguliwa na majaribio mengi yaliyoshindwa, na dada aliyekuwa akimpelekea chakula bila ya maneno, na mzee mmoja aliyekuwa akimwita kwa jina lake la ukoo wakati wengine wakimwita teja. Kumbukumbu huhifadhi siku ya kuvuka na kusahau waliojenga daraja.

Tena wako wanaosema kwamba hayo ya kufika chini na ya kutaka mwenyewe ni mafundisho ya ule ushirika mashuhuri wa walevi waliopona, Alcoholics Anonymous, ulioanzia Akron katika jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1935, na ambao sasa una mikutano duniani kote. Nawaomba waisome vema habari ya kuanzishwa kwake. Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York aliyekuwa hajanywa kwa miezi michache tu, alijikuta peke yake hotelini huko Akron, biashara yake imevunjika, na sauti za walevi zikimwita kutoka kwenye baa. Badala ya kuingia baa akapiga simu kwa watu wa makanisa akiuliza kama yupo mlevi mwingine ambaye angeweza kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, Robert Smith. Daktari huyu hakuwa amemwita mtu. Alikuwa ameshindwa mara nyingi, alikuwa amechoka kuhubiriwa, na aliposhawishiwa na mkewe Anne na mama mmoja rafiki yao aende kumwona huyo mgeni, alikubali kwa sharti kwamba mazungumzo yasizidi dakika 15. Wakazungumza kwa saa kadhaa. Majuma machache baadaye daktari akasafiri kwenda kwenye mkutano wa matabibu, akanywa tena hata akarudishwa nyumbani hajitambui. Wakampokea, wakamwuguza, na kinywaji chake cha mwisho kilikuwa tarehe 10 Juni 1935, siku ambayo ushirika huo mpaka leo huihesabu kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa kwake. Basi mwanzilishi mmoja wa ushirika huo alikuwa mtu ambaye hakutaka, akatafutwa, akakubali robo saa, akaanguka, akatafutwa tena. Lau mkewe angaliishika ile hekima ya barazani petu, angalimwacha afike chini kabisa, na huenda ulimwengu usingalisikia habari ya Akron.

Zaidi ya hayo, nia ina elimu yake, na elimu hiyo si ngeni tena. Mwanasaikolojia William Miller wa New Mexico, ambaye mwaka 1983 alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu namna ya kuzungumza na mlevi ili hoja za kubadilika zitoke kinywani mwake mwenyewe, alikuwa amegundua jambo lililowashangaza wenziwe: kwamba tofauti kubwa baina ya wanywaji waliopona na wasiopona ilikuwa katika tabia ya mshauri wao, yaani kama alisikiliza au alishutumu. Na mwaka 1993, yeye na wenziwe walipochunguza tena, waliona kwamba kadiri mshauri alivyozidi kumkabili mnywaji kwa lawama, ndivyo mnywaji huyo alivyokuwa akinywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Lawama ilikuwa ikizalisha ule ukaidi ambao mlaumu aliutolea ushahidi kuwa ndiyo tabia ya mlevi.

Lakini utafiti ninaotamani usomwe kwa sauti katika kila kikao cha ukoo, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, ni ule wa mwaka 1999, ambao Miller pamoja na Robert Meyers na Scott Tonigan waliufanya kwa jamaa 130 wa walevi waliokuwa wamekataa tiba katakata. Watu hao waligawanywa makundi matatu. Kundi moja walifundishwa kuuachia ulevi uende zake na kujitunza wao wenyewe. Kundi la pili walifundishwa kumkusanyikia mlevi kwa ghafla na kumkabili kwa madhara aliyoyatenda. Kundi la tatu walifundishwa kazi ya kila siku, ndogo ndogo na ya subira, nayo ni kumpa mtu wao uso mkunjufu, chakula cha pamoja na maongezi mazuri anapokuwa hajanywa, kujitenga naye bila ya matusi anapokuwa amelewa, kutomfichia matokeo ya matendo yake, na kuotea ile saa ya majuto ili wamwalike kwenye tiba iliyokwisha kuandaliwa. Katika kundi la kwanza walioingia tiba walikuwa asilimia 13; katika la pili asilimia 30; katika la tatu asilimia 64. Ni haki kusema kwamba njia ile ya kwanza haikukusudiwa hasa kumleta mlevi tibani bali kumpumzisha jamaa yake, na kupumzika huko nako ni haki yake. Lakini kiini hakibadiliki. Walevi wa makundi yote matatu walikuwa watu wa aina moja, wote "hawataki," wote wamekataa. Kilichotofautiana ni walichofundishwa wake zao na mama zao. Naomba mtetezi wa kauli ya "mpaka atake" anieleze hao asilimia 64 walitoa wapi kutaka kwao.

Wala hatuna haja ya kwenda New Mexico kila mara. Jirani yetu Moshi, katika hospitali ya KCMC, watafiti wametengeneza mazungumzo mafupi yanayoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, yatolewayo na muuguzi kwa lugha yetu ya Kiswahili na kwa adabu za kwetu, kwa mtu aliyeletwa na jeraha, labda la pikipiki, labda la ugomvi, ikadhihirika kwamba pombe ilihusika au imekuwa desturi yake ya hatari. Mtu huyo hakuja kutibiwa ulevi, alikuja kushonwa. Muuguzi humkuta kitandani, saa ambayo akili yake imezinduliwa na maumivu, akamwuliza, akamsikiliza, akampimia naye faida na hasara, akamwachia mwenyewe aseme atakalo kufanya. Hiyo ndiyo maana ya kuifuata nia mahali inapojitokeza.

Na kwa kweli mwenendo huu si ugeni kwa watu wa mlima huu. Mtaalamu P. H. Gulliver, aliyekaa na Waarusha katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake juu yao mwaka 1963, alieleza jinsi magomvi yao yalivyokuwa yakimalizwa bila ya hakimu mwenye nguvu ya kuamuru: kila upande ulikuja na watu wake wa rika na wa ukoo, yakazungumzwa, yakapingwa, yakaahirishwa, yakaanzwa tena, mpaka yule aliyekuja amekunja uso akajikuta amekubali jambo ambalo asubuhi alikuwa ameapa kulikataa. Wazee wale hawakungoja mtu atake suluhu ndipo waite kikao; waliita kikao ili kutaka kuzaliwe humo. Ni ajabu iliyoje kwamba kizazi kilichorithi ufundi huo, na ambacho mpaka leo huwategemea wazee wake, malaigwanani na washili, kupatanisha watu juu ya mipaka ya mashamba, kifikapo kwa kijana wa unga hujidai hakijui namna yoyote ya kumfanya mtu abadili shauri lake.

Naijua hoja watakayonitupia hapa: kwamba Arusha ni mji wa Azimio, na Azimio la mwaka 1967 lilitufundisha kujitegemea. Hoja hii huniudhi kuliko nyingine zote, kwa kuwa inatumia jina jema kufunika uzembe. Kujitegemea kulikotangazwa hapa kulikuwa kwa taifa, watu wakiwa wameshikana mikono, na hakuna mwenye akili aliyedhani kwamba maana yake ni kumtupa mgonjwa njiani na kumwambia ajibebe. Tazama pia shule ya sekondari ya Kisimiri, iliyoko juu kwenye mteremko wa Meru, ambayo mwaka 2016 iliongoza nchi nzima katika mtihani wa kidato cha sita: hapana mwalimu wa shule ile aliyekunja mikono akasema atafundisha siku wanafunzi watakapopenda fizikia. Walipangiwa saa, wakasimamiwa, wakatiwa moyo, na bidii ikaota. Na juu kidogo, huko huko Kisimiri, mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilipanda na watu wake kufyeka mashamba ya bangi, bila ya kungoja wakulima watake kwanza. Serikali nayo, kwa tangazo la Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa, ilipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kwa kuwa ilitambua kwamba kinywaji kikali kinachouzwa kwa sarafu chache katika kila kituo cha basi humshinda mtu kabla hajaipima nia yake. Basi tumekwisha kukubali, katika shamba na katika duka, kwamba jamii inayo haki na wajibu wa kuanza. Ni mgonjwa peke yake tunayemwachia aanze mwenyewe.

Hapa nataka nisieleweke vibaya, maana wapo watakaodhani natetea pingu. Nimesikia habari za vijana waliofungwa minyororo kwa jina la tiba, waliochapwa ili pepo la pombe liwatoke, waliozolewa mitaani na kutupwa mahabusu ambako arosto iliwakuta juu ya sakafu. Na nasema waziwazi kwamba huo ni ukatili, tena hauzai nia yoyote ila nia ya kutoroka. Mwezi Machi 2012, mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kutaka vituo vya kuwafungia waraibu kwa nguvu vifungwe, na yalikuwa na haki. Lakini baina ya kumfunga mtu mnyororo na kumtupa kuna nchi pana, na ndani yake mna kumtembelea, kumwuliza, kumlisha, kumsindikiza, kumngoja nje ya mlango wa daktari, na kurudi tena kesho yake alipokufukuza. Anayesema ama nguvu ama kungoja amejifunga macho asiione nchi hiyo, kwa sababu kuikaa kuna gharama.

Nikifika kwenye gharama nafika kwenye lile ninaloliona zito kuliko yote, na ambalo sisi tunaopenda kuzungumzia mioyo ya wenzetu hulipita haraka. Nia ya mraibu huja kwa saa. Huja alfajiri, huja baada ya mazishi ya mwenzake wa maskani, huja siku mtoto wake anapomkataa mbele ya wenziwe. Na inapokuja hukaa kitambo kidogo, kisha arosto au kiu huifunika. Mfikirie basi mtu wa Ngarenanyuki, ng'ambo ya mlima, anayeamka na nia hiyo saa kumi na moja ya alfajiri. Hana nauli. Akiipata, atateremka hadi mjini, atafika dirishani jua limepanda, mwili umekwisha kuanza kumtetemeka, na huenda akaambiwa aje Alhamisi, aje na barua ya mtendaji, aje na ndugu, aje na kadi. Au ataelekezwa kwenye nyumba ya upataji nafuu ya mtu binafsi, ambako kwanza huulizwa ada ya mwezi. Jioni yake atakuwa kijiweni, na sisi tutakaa barazani tuseme, kama kawaida yetu, kwamba alikuwa hajataka. Alitaka. Alitaka kwa saa sita nzima, akatembea na kutaka kwake kutoka mlango hadi mlango, na hakuna mlango uliomfungukia kabla kutaka hakujakwisha. Mtu mzima wa afya, akiumwa jino tu, huenda asingalivumilia nusu ya safari ile.

Watasema, hata akipokewa atarudia. Naam, wengi hurudia, na aliyeanguka mara tatu huenda akaanguka ya nne. Lakini mgonjwa wa sukari naye hurudi hospitalini mara kwa mara, na wa presha huacha vidonge akarudishwa amebebwa, na hatujapata kusikia ukoo ukikutana Njiro kuazimia kwamba baba asipelekwe tena hospitali kwa kuwa hataki kupona. Kwa mgonjwa wa sukari kurudia ni sehemu ya maradhi. Kwa mraibu kurudia ni hukumu. Tofauti hiyo haikutoka katika elimu ya tiba. Imetoka katika uchovu wetu, na uchovu huo nauelewa, maana mama aliyeibiwa redio, kisha sufuria, kisha mbuzi, na mwanawe mwenyewe, hana budi kuchoka. Mama huyo simlaumu hata kwa neno moja. Naye anastahili kusaidiwa, tena kabla ya mwanawe, na aambiwe bayana kwamba kufunga mlango wa chumba chenye mali si sawa na kufunga mlango wa moyo. Ninaowalaumu ni wale wasioibiwa kitu, wanaomwazima mama huyo kauli ya kuhalalisha kukata kwake tamaa, kisha wakaenda zao.

Kwa hiyo, atakapotajwa tena mtu wa namna hii katika kikao chetu chochote, iwe Kijenge au Tengeru au kule juu msituni, na mmoja wetu akanyoosha mkono kusema kwamba hasaidiki mpaka atake mwenyewe, naomba mwenyekiti wa kikao amwulize msemaji huyo maswali machache kabla ya kwenda kwenye ajenda ifuatayo: mara ya mwisho ni nani aliyekwenda kumwuliza mtu huyu, na alimkuta saa ngapi, na alikwenda na nini mkononi, na daktari gani alikuwa amekwisha kuambiwa amngojee, na nani aliteuliwa kurudi baada ya kukataliwa. Ikiwa majibu hayapo, basi kikao kiteue watu wawili, mmoja wa rika lake na mmoja mwanamke wa nyumba yao, wapewe nauli, wapewe jina la muuguzi, na wapangiwe kwenda alfajiri.